Mshahara na riwaya: je, saa za kuiba zinatosha?

"Kalamu haikubali ukewenza," aliniambia rafiki yangu siku alipopeleka barua ya kuacha kazi benki. Anaandika riwaya kama mimi, ana watoto wanaosoma kama mimi, na tangu siku hiyo ubishi wetu ni mmoja: riwaya inaandikika pembeni ya kazi ya mshahara, au lazima mtu achague?

Mimi nimebaki kazini, na wa kunitetea sikosi. Shaaban Robert aliingia ukarani serikalini mwaka 1926, na sehemu kubwa ya vitabu vyake aliiandika akiwa mtumishi, leo kituo hiki, kesho kile. Naguib Mahfouz wa Misri aliandika akiwa mtumishi wa serikali hadi alipostaafu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nobeli ilimfikia 1988. Abdulrazak Gurnah alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Kent huku riwaya zake zikitoka moja baada ya nyingine, tangu ile ya kwanza ya 1987. Ken Walibora alisoma habari kwenye runinga, akafundisha chuo kikuu, na vijana wa Kenya wakamsoma vizazi kwa vizazi darasani.

Kuna fadhila nyingine ya mshahara ambayo rafiki yangu haipi uzito. Anayeandika riwaya kwa Kiswahili akitaka kula kwa kalamu, mlango mpana ni wa shule. Kitabu kikiteuliwa kusomwa na watahiniwa, kinachapwa tena na tena. Kisipoteuliwa, kinapauka dukani. Na mwenye kumtegemea mteuzi huanza, taratibu, kumwandikia mteuzi. Chukua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi: ilitoka 1971, ikakataliwa shuleni, na ilichukua miaka kabla ya kukubaliwa. Kezilahabi alikuwa mwalimu. Mwalimu anaweza kusubiri nyakati zigeuke. Mtu ambaye kodi ya nyumba inatoka kwenye kitabu hicho hicho angeanza kukata kurasa.

Hapo nilidhani nimeshinda ubishi. Kisha nikausoma muswada wangu.

Miaka mitatu nimekuwa nikiamka saa kumi alfajiri, naandika hadi saa kumi na mbili kasorobo, kisha naenda kugombania daladala. Kazini naandika mihtasari ya vikao. Ukurasa kwa ukurasa rasimu ikaisha. Nilipoisoma yote kwa pamoja, nikamkuta Mzee Haji, mvuvi wa Pemba, katika sura ya 4 mashua yake imepasuka, anasema: "Taabu imetukalia mlangoni." Sura ya 19 kapoteza nyavu, na mzee huyo huyo anasema: "Tunapitia changamoto kubwa." Mvuvi wa umri wake hasemi changamoto. Hilo ni neno la kikao. Sura ile niliiandika wiki za bajeti, ofisini mpaka usiku, na Kiswahili cha mihtasari kikapanda mashuani bila mimi kukiona.

Neno linafutika kwa dakika moja. Lililoniuma ni kwamba katika sura hiyo Mzee Haji anamsamehe ndugu yake aliyemdhulumu shamba la mikarafuu, na hakuna kilichotokea cha kumfanya asamehe. Alisamehe kwa sababu mimi nilikuwa nimechoka na nilitaka sura iishe.

Tangu siku hiyo nazitenganisha kazi mbili ambazo katika ubishi wetu tulikuwa tukizichanganya. Kuandika rasimu ni kama kusuka ukili: unauweka chini, kesho unauokota, unaendelea ulipoishia. Kuirekebisha ni kushona mkeka. Lazima uutandaze wote sakafuni, uone upande huu unavyokutana na ule, na ukiukunja kila asubuhi ili uwahi gari, hutauona umepinda wapi. Saa za kuiba zinatosha kusuka. Kushona zinashindwa.

Rafiki yangu hupenda kumtaja Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeandika riwaya nzima kwenye karatasi za chooni gerezani Kamiti mwaka 1978, kuonyesha kwamba fikra isiyokatizwa huzaa kitabu hata pabaya. Mfano huo siupendi. Kifungo bila kesi si muda wa kuandikia, na kitabu kile ni ushindi dhidi ya gereza. Isitoshe, rafiki yangu mwenyewe uhuru alioutafuta hajaupata wote. Asubuhi zake nyingi sasa zinakwenda kwenye tafsiri za haraka na kudai malipo yake. Ila mwezi wa nne alijifungia wiki tatu mfululizo, akaniletea sehemu ya pili ya riwaya yake. Niliisoma usiku mmoja. Kila mhusika anazungumza kwa sauti yake mpaka mwisho, hakuna aliyelegea. Hilo mimi sijaliweza, na siwezi kumnyima haki yake.

Kwa hiyo simshauri mtu kuacha kazi, wala siamini tena kwamba bidii ya alfajiri inatosha. Hata tuzo zetu za uandishi, ile ya fasihi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, iliyoanza 2014 na ile ya Mwalimu Nyerere ya huku Tanzania, hutuza kazi iliyokwisha. Ni jambo jema sana. Lakini riwaya nyingi huharibikia kabla ya hapo, katika mwezi ule wa kushona, na mwezi huo hauna mfadhili. Fungu dogo la kumlipia mwandishi mwezi mmoja wa kukaa na muswada wake lingeokoa vitabu vingi.

Mimi ninazo siku 28 za likizo ambazo sheria ya kazi inanipa. Nilizoea kuzikatakata: tatu za msiba, tano za mtoto kuanza shule. Mwaka huu nimeziomba zote kwa mkupuo, na mke wangu amekubali, ingawa tulikuwa tumepanga kwenda kwao. Zinaanza Jumatatu. Nitaanza na Mzee Haji na ndugu yake, nijue kilichomfanya asamehe, au kama hakusamehe kabisa.