Kidonda cha paja na karatasi ya madai

Mvuvi wa dagaa akiungua mkono kwa karabai usiku ziwani, kisha akapandikizwa ngozi hapa Mwanza, hutoka chumba cha upasuaji na vidonda viwili. Cha mkono kila mtu anakijua. Cha pili kiko pajani, ngozi ilikovunwa, na wagonjwa wengi watakwambia hicho ndicho kinachowauma zaidi. Gozi, yaani kitambaa cha kufungia kidonda, imegandia pale, inaachwa hadi ibanduke yenyewe, kama wiki mbili hivi.

Je, uvunaji huo uandikiwe msimbo wake, yaani namba ya huduma inayolipiwa, kwenye madai ya bima? Mfumo wa Marekani wa misimbo ya huduma za matibabu, CPT, unasema hapana. Msimbo 15100 unahusu ngozi nyembamba iliyopandikizwa kiwiliwilini, mikononi au miguuni, hadi sentimita 100 za mraba, na uvunaji umo humo humo. Uvunaji una msimbo wake, 15040, pale ngozi inapopelekwa kuoteshwa maabara. Na kidonda cha paja kikihitaji nacho kupandikizwa, kazi hiyo huandikwa kando, kwa msimbo wake.

Naielewa hoja hiyo. Ukiagiza sato wa kukaanga Kirumba, hulipii kuparuliwa magamba mbali na samaki. Hakuna kupandikiza bila kuvuna, na kulipa mara mbili kungekausha mfuko ambao wachangiaji wake ni sisi wenyewe. Kwa upande wa pesa, Wamarekani wako sahihi.

Kinachonisumbua ni kumbukumbu. Zile sentimita 100 hupimwa kwenye kidonda kinachofunikwa, si pajani. Ngozi ikitobolewa matundu kama wavu hutanuka, kwa hiyo kilichofunika mkono kinaweza kuwa kikubwa kuliko kilichotolewa. Ukisoma msimbo peke yake hujui paja limepoteza kiasi gani, wala ni paja lipi. Mgonjwa akirudi paja limeoza usaha, mhakiki wa madai anauliza: kidonda hiki kimetoka wapi? Dai linakatwa, na mtu wa watu bado anahitaji dawa.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na madai yatazidi kuwa mengi. Mimi ningeacha malipo yabaki mamoja, lakini fomu iwe na mstari wa uvunaji usio na bei. Daktari aujaze kabla hajavua glavu akaenda kwa mgonjwa mwingine: paja la kulia au la kushoto, sentimita ngapi, ngozi nyembamba au ya unene wote, limefungwa kwa kitu gani.