Ruzuku ianzie kwenye gata

Kila zikianza habari za kuhifadhi majengo ya kale hapa Mwanza, macho yote hupanda kilimani, kwenye lile jumba la Mjerumani lenye jina la Theodor Gunzert, aliyekuwa kiongozi wa utawala wao hapa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Huandikwa andiko la mradi, hutafutwa mfadhili, wageni hupigwa picha. Sina ugomvi na jumba lile. Ugomvi wangu ni na ile fikra kwamba pesa ya umma ya kuhifadhi majengo lazima iwe nyingi, ije kwa mkupuo, na iangukie jengo moja ambalo limeshakuwa gofu.

Mimi ningeanzia mjini chini, kwa ruzuku ndogo ndogo. Pita Rwagasore, ingia Lumumba, malizia Makoroboi, lakini utembee ukitazama juu ya mabango ya simu na vipodozi. Utaona maghorofa mafupi ya maduka waliyojenga Wahindi, mengi yakiwa ya enzi za pamba, baada ya reli kufika hapa mwaka 1928. Mengine yana mwaka wa kujengwa umechorwa kwa saruji kwenye ukingo wa juu. Kuna matundu ya hewa yaliyopangwa kama kitambaa cha lesi, kuna baraza ambayo mvua ikikukuta mjini unakimbilia bila kuomba ruhusa. Hiyo ndiyo Mwanza tunayoishi ndani yake, na ndiyo inayoondoka ukuta baada ya ukuta bila mtu kuandika andiko.

Inavyoondoka si siri, fundi yeyote atakueleza. Gata, ule mfereji wa maji ya mvua kwenye ukingo wa paa, linaziba kwa majani na kinyesi cha ndege. Hakuna wa kupanda kulizibua kwa sababu hajulikani ni kazi ya nani. Masika yakija, maji yanafurika nyuma ya gata na kuingia kichwani mwa ukuta. Msimu wa kwanza unaona doa la kijani, wa pili plasta inavimba. Wa tatu anaitwa fundi wa haraka, anabandua palipooza na kupiga saruji ngumu juu ya ukuta uliojengwa kwa chokaa. Hapo ndipo mambo yanapoharibika kabisa. Chokaa hupitisha unyevu, ukuta ukilowa hukauka wenyewe. Saruji huufungia ndani. Baada ya muda kile kiraka kinang'oka kipande kizima, kimeshika na tabaka la zamani mgongoni, na wapita njia wanasema jengo limezeeka. Jengo halikuzeeka, limelowa. Wakati huo huo ncha za kenchi zilizokaa ukutani zinaoza taratibu, mbao ngumu ambazo leo ukitaka kuzinunua utatoka jasho.

Kwa nini mwenyewe hatengenezi? Jibu la haraka ni umaskini au uzembe. Lakini majengo haya yana historia ya umiliki. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa kwa sheria majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo wenyewe walikuwa wamepangisha, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Wazee mpaka leo wanasema "nyumba za Msajili". Mengine yalibaki kwa familia ambazo warithi wake wametawanyika, mmoja Dar, mmoja Leicester, mmoja haelewani na wenzake. Anayebaki na jengo kila siku ni mpangaji. Nilimwambia mzee mmoja muuza vitambaa, "Shikamoo mzee, hilo gata si lirekebishwe kabla ya vuli?" Akacheka. "Marahaba mwanangu. Nikilitengeneza, mwenye nyumba ataona pazuri atapandisha kodi. Nisipolitengeneza, nahamisha majora upande ule." Ukimsikiliza vizuri, hana kosa. Hesabu yake iko sawa kabisa.

Halafu kuna hili la LUKU, umeme wa kulipia kabla. Tangu 2021 kodi ya majengo tunakatwa tunaponunua umeme, na mwenye mita mara nyingi ni mpangaji. Kwa hiyo mtu analipia jengo la mwingine kila mwezi, ilhali hana sauti hata ya kusema paa linavuja. Pesa yenyewe ya kuanzia si lazima itoke Ulaya, maana majengo tayari yanachangia. Sehemu ndogo ya kodi hiyo ingetengwa iyarudie yale ya zamani. Na halmashauri zetu si wageni wa mambo haya. Kwa miaka wametenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ule mgawo wa nne, nne, mbili. Una matatizo yake, hata ukasimamishwa 2023 kisha ukarudi, lakini umethibitisha kwamba fungu dogo la ndani linawezekana.

Wenzetu wana njia zao. Uingereza kuna mfuko unaotokana na bahati nasibu ya taifa tangu 1994, na Wafaransa mwaka 2018 walianzisha tiketi maalumu za bahati nasibu kwa ajili ya majengo yaliyo hatarini. (Kwa jinsi vijana wa Mwanza wanavyobeti, tungeshapiga rangi mji mzima.) Lakini hao hao Waingereza wanatoza VAT ya asilimia 20 kwa matengenezo mengi ya jengo la zamani, huku nyumba mpya ikitozwa sifuri. Yaani unampa mtu ruzuku kwa mkono wa kulia, unamnyang'anya kwa wa kushoto. Hilo tusiige.

Sheria yetu nayo ina pengo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya zamani zaidi kuliko mji huu wenyewe, ambao Wajerumani waliuanzisha 1892. Jengo la karne iliyopita linasubiri Waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Maduka ya Makoroboi yatasubiri sana. Na hata sheria ingeweka tarehe ya karibu zaidi, msonge haungeingia. Nyumba ya nyasi ya Msukuma au ya Mhaya haina "umri", inaishi kwa kuezekwa upya, na kinachohitaji ruzuku pale ni ujuzi wa mwezekaji. Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, wamejitahidi kwa uwezo wao. Ningependa fungu la umma liwafikie watu wa namna hiyo bila kuwauliza jengo lilijengwa mwaka gani.

Najua nitaambiwa zahanati hazina vitanda na wewe unataka kuziba paa la duka la Mhindi. Ni hoja nzito, siikwepi. Ila tazama gharama ya kuchelewa. Beit-el-Ajaib, lile jumba la kale pale Unguja, ilianguka sehemu kubwa tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katikati ya ukarabati uliofadhiliwa na Oman, watu wawili wakafa. Pesa ilikuwepo, ilichokosa ni muda. Na ulipokuja mtetemeko wa Kagera wa Septemba 2016, Bukoba ilijifunza kwa uchungu maana ya kuta zilizochoka.

Kwa hiyo ruzuku iwe ndogo na ije mapema. Igharimie gata, bati, kofia za paa, ncha za kenchi na chokaa. Rangi ya mbele mwenyewe ajipakie. Mwenye jengo achangie sehemu, hata kama ni theluthi, na pesa itoke kwa awamu, fundi akionyesha kazi ya juu ya paa ndipo ya ukutani ilipwe. Masharti mawili nisingeyaregeza: kodi ya mpangaji isipande kwa miaka kadhaa, na mwenye jengo akilivunja ndani ya muda huo arudishe kila shilingi. Mpangaji naye aruhusiwe kuomba, kwa kibali cha mwenye nyumba.

Fomu iwe ukurasa mmoja. Kwenye kamati, kabla ya kuweka mwakilishi wa kila idara, wekeni wazee wawili waliowahi kuchoma chokaa na kupiga niru. Bado wapo mjini, wengi wanafanya kazi za vigae kwa sababu ndizo zinazolipa, na hakuna kijana anayefundishwa.