Altezza: bei imesimama, gharama hazisimami

Kwenye vijiwe vya magari hapa Dodoma, kuanzia Ipagala mpaka Area C, wenye Altezza wana hoja moja wanayoitoa kwa kujiamini sana: nunua, endesha miaka mitatu, uza kwa bei ile ile. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana inaponza watu.

Toyota ilianza kuuza Altezza Japani Oktoba 1998 na ikaacha kuitengeneza 2005. Ni sedani ndogo inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Mhandisi wake mkuu alikuwa Nobuaki Katayama, na ilichukua tuzo ya gari la mwaka Japani kwa msimu wa 1998–1999. Anayeipenda hajakosea. Ukiikuta nzima, yenye gia sita za mkono, halafu barabara ya kwenda Iringa iko wazi asubuhi, hutauliza tena watu wanaifuatia nini.

Ila kinachoshikilia bei yake hapa kwetu ni kodi, wala si tuzo. Tuseme gari limefika bandari ya Dar es Salaam likiwa na thamani ya shilingi milioni 10. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, jumla inakuwa milioni 12.5. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya zaidi ya cc 1,000 mpaka 2,000 ni asilimia 5, na kwa kuwa gari limepita miaka 10, linaongezewa asilimia 30 ya uchakavu. Hapo tumefika karibu milioni 16.9. Weka VAT ya asilimia 18, unakaribia milioni 20, na tozo ndogo ndogo bado hazijaguswa. Kwa hiyo kila Altezza iliyoko nchini inalindwa na ugumu wa kuingiza nyingine.

Ulinzi huo una kasoro. Dalali akikupigia simu, kabla hajagusia injini atakutajia herufi ya namba ya usajili: hii ni D, ile ni E. Namba inaonyesha gari limesajiliwa lini Tanzania, haionyeshi limetengenezwa lini wala limetunzwaje. Ya 1999 iliyosajiliwa juzi inaweza kuizidi bei ya 2004 iliyotunzwa kama mtoto lakini ina namba ya zamani. Mwenye kutunza anaumia. Tena milioni ulizotoa miaka mitatu iliyopita hazinunui leo kile zilichonunua siku ile, kwa hiyo hata ukiuza bei ile ile, umepungukiwa.

Kuna wanaotazama Marekani, ambako gari likifikisha miaka 25 linaweza kuingizwa bila kutimiza masharti ya usalama ya magari mapya. Sheria hiyo imepandisha sana bei za magari ya Japani kama Skyline GT-R. Altezza za kwanza zilifikisha umri huo Oktoba 2023. Lakini Wamarekani waliuziwa ndugu yake, Lexus IS300 yenye injini ya lita 3, tangu 2000. Hawana sababu kubwa ya kuililia yetu. Hesabu ya kuuza irudi hapa hapa, kwa mnunuzi wa Nkuhungu au Kisasa.

Sasa matumizi. Mbele ya kodi sedani zote za Altezza ni moja, kwa kuwa injini zote mbili ni za lita 2. Gereji ndiko zinakoachana. AS200 ina silinda sita za mstari, injini ya 1G-FE, mpole, nguvu farasi 160, na mafundi wengi wameizoea kwenye Toyota nyingine. RS200 ina 3S-GE ya silinda nne inayotoa farasi 210 ikiwa na gia za mkono, na nguvu hizo zinapatikana injini ikizunguka mara 7,600 kwa dakika. Imeundwa kwa petroli ya okteni ya juu. Mkanda wake wa taimingi ukikatika, pistoni zinagonga valvu, na hapo ni kufungua injini. Kifaa kisipopatikana mjini unapiga simu Kariakoo, unasubiri kije kwa basi, na wakati huo gari liko juu ya mawe.

Na Dodoma ina adhabu zake. Kiangazi kinaanza Mei na kufika Novemba. Ukitoka lami tu, vumbi linaingia kwenye chujio la hewa. Jua linakausha mipira: bushi, mipira ya rejeta, sili za milango. Gari lenyewe liko chini, na matuta yetu hayakujengwa kwa kulifikiria. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo, petroli ya hapa inakuwa juu ya ile ya Dar es Salaam kwa sababu ya usafirishaji.

Upande wa pili una hoja nzito moja ambayo wenyewe huisahau. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017 na mzigo wake ukahamia kwenye mafuta. Maana yake, gari lisilotembea sana halikutozi sana. Mwenye gari jingine la kazini, anayetoa RS200 mwisho wa wiki na kuirudisha kwenye kivuli, hesabu yake inakubali. Huyo namuunga mkono kabisa.

Simuungi mkono mtumishi kijana anayechukua mkopo wa kazini anunue Altezza iwe ndiyo gari lake pekee, ya kwenda Mtumba, kwenye mji wa serikali, na kurudi kila siku. Makato ya mshahara hayasubiri spea, na gari likilala gereji wiki mbili bado atahitaji nauli.

Kama umeshaamua, tafuta AS200 ambayo haijachokonolewa, iache iliyopambwa bampa na mlio mkubwa. Muulize mwenye nayo mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini na gari likiwa na kilomita ngapi. Akisita, toa gharama ya mkanda mpya na ufundi wake kwenye bei palepale, kabla hamjaenda kwa mwanasheria.