Mchezo wa pili uwe mbali na wa kwanza

Muulize mchezaji wa Dungeons & Dragons (D&D) kwa nini hajawahi kugusa mchezo mwingine wa kuigiza wahusika mezani, na mara nyingi atakujibu kwamba kujifunza kanuni upya ni kazi. Namwelewa. Toleo la tano la D&D lilipotoka mwaka 2014 lilikuja na vitabu vitatu vya msingi, kila kimoja kikiwa na kurasa zaidi ya 300. Aliyehangaika kuyazoea yote hayo ana haki ya kudhani kwamba mchezo wa pili utamdai jasho lilelile.

Haudai. D&D ni miongoni mwa michezo mizito katika fani hii, na anayeanzia hapo hupata picha isiyo sahihi ya fani nzima. Lasers & Feelings, mchezo wa John Harper, umeandikwa wote kwenye ukurasa mmoja. Mhusika wako ana namba moja tu, kuanzia 2 hadi 5. Akifanya jambo linalotaka akili na utulivu, unaomba dadu itoe chini ya namba hiyo. Akifanya jambo linalotaka moyo na hamasa, unaomba itoe juu yake. Kabla watu hawajamaliza kuvuta viti, tayari mko angani ndani ya chombo chenu na nahodha hajitambui.

Kwa hiyo naona kinachowashikilia watu si ugumu wa kanuni. Ni mazoea. Mchezo wa kwanza hukufundisha kanuni zake, na papo hapo hukuaminisha kwamba bila kanuni hizo hakuna mchezo. Mhusika lazima apande ngazi, yaani azidi kupata nguvu kadiri mnavyocheza. Lazima mtu mmoja, mwendesha mchezo, akae upande wa pili wa meza akiwa anajua siri zote. Ukirusha dadu vibaya, umekosa, zamu inapita. Mambo haya ni maamuzi ya watu. Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa D&D mwaka 1974, walikuwa wametoka kwenye michezo ya vita ya vijeshi vidogo vya mezani, na ndiyo maana hadi leo kurasa nyingi za vitabu vyake zinahusu nani anapiga, kutoka umbali gani, na anaumiza kiasi gani. Watunzi waliofuata walikuwa na maswali mengine, wakaandika kanuni nyingine.

Ushauri wangu basi ni huu: mchezo wako wa pili ukunyang'anye kile unachokiegemea zaidi katika ule wa kwanza. Wengi hufanya kinyume. Huchagua mchezo mwingine wa panga na uchawi, wenye dadu ileile ya pande 20, kisha wanalalamika kwamba wamesoma kitabu kizima ili wafanye yaleyale. Hapo malalamiko yao ni ya kweli kabisa.

Kama unaegemea mapigano, nenda kwenye Call of Cthulhu, wa Sandy Petersen, uliotoka 1981. Mhusika wako ni mwalimu, mwandishi wa habari, daktari, mtu wa kawaida asiye na ngazi ya kupanda. Uwezo wake umeandikwa kwa asilimia, na ujuzi alioutumia akafanikiwa unawekewa alama ili baadaye upate nafasi ya kuongezeka. Akili yake timamu nayo ina namba, na namba hiyo hushuka kadiri anavyoona yasiyopaswa kuonekana. Baada ya muda unaona wachezaji waliozoea kuvunja milango wakisimama nje ya chumba wakishauriana kama kuna haja ya kuingia.

Kama unaegemea mipango, yaani kundi lenu ni la wale wanaobishana saa nzima kabla ya kugusa mlango, Blades in the Dark utawaponya. Mko katikati ya wizi, mlinzi amesimama pale msipomtarajia. Mchezaji anasema, "Huyu nilimhonga jana." Mchezo unarudi jana, mnaigiza hongo hiyo kwa muda mfupi, mchezaji analipa kwa alama za msongo wa mhusika wake, kisha mnarejea mlangoni. Mpango unatungwa pale unapohitajika.

Lakini ule ambao ningependa kila mchezaji auonje ni Apocalypse World, wa Vincent na Meguey Baker, wa mwaka 2010. Unarusha dadu mbili za pande sita na kuongeza sifa ya mhusika. Ukipata 10 au zaidi, umefanikiwa. Ukipata 6 au chini, mwendesha mchezo ana ruhusa ya kukuletea balaa. Utamu uko katikati, kati ya 7 na 9: unapata ulichotaka, lakini kwa gharama. Dadu mbili bila nyongeza yoyote huangukia hapo mara 15 katika kila 36, kwa hiyo ni jambo la kila mara. Umeruka ukuta, ila bunduki imebaki upande wa pili. Umemshawishi mkuu wa genge, ila anataka dhamana sasa hivi. Karibu kila dadu inayoanguka inaisogeza hadithi, na ile hali ya "umekosa, anayefuata" inatoweka. Baada ya kuonja hilo, ni vigumu kuirudia D&D bila kuuliza kila mnapokosa: sawa, kwa hiyo nini kimetokea?

Najua wapo wanaosema D&D inaweza kupindwa ifanye lolote, iwe ya kutisha, ya upelelezi, ya mapenzi. Inapindika, ndiyo. Ila kazi ya kuipinda humwangukia mtu mmoja, yule mwendesha mchezo ambaye tayari ndiye anayeandaa kila kitu. Na hofu haikai vizuri kwa mhusika mwenye pointi 80 za uhai na kasisi wa kumfufua.

Mwendesha mchezo huyo ndiye ninayemfikiria zaidi ninapoandika haya. Katika makundi mengi ni mtu yuleyule mwaka hadi mwaka, na mara nyingi hakuna aliyewahi kumuuliza kama angependa kucheza. Michezo mifupi inampa nafasi hiyo, maana mtu anayeogopa kuendesha hadithi ya miezi anaweza kabisa kuendesha ukurasa mmoja.

Msitangaze kwamba mnahama. Semeni ni jioni moja tu, hasa ile ambayo mmoja wenu hayupo na hadithi yenu ndefu imesimama. Mkitaka Call of Cthulhu, wachapishaji wake wanatoa bure kanuni fupi za kuanzia. Na mkiwa watu wanne, mimi ningeanza na Fiasco, wa Jason Morningstar, kwa kuwa hauna mwendesha mchezo kabisa. Katika toleo lake la kwanza, ukichagua kuanzisha tukio wewe, wenzako ndio wanaokukabidhi dadu nyeupe au nyeusi kuamua kama litakuendea vizuri au vibaya. Aliyezoea kuandaa kila kitu peke yake atakuja na kalamu tu, akae, asubiri kuona watu wake wamemwazia nini.