Gofu la hoteli, baruti, na kazi isiyoonekana

Malindi ina magofu ya hoteli yaliyobaki tangu watalii wapungue, na mazungumzo ya kuyaondoa yakifika kwenye baruti, watu hushtuka. Hofu yao ina msingi. Nyumba za mawe ya matumbawe za mji wa kale hazikujengwa kustahimili mtikisiko, upepo wa kusi hutoka baharini na utaleta vumbi lote mjini, na vijana wenye nyundo wanaona kibarua chao kinapotea.

Lakini wengi wanadhani jengo hurushwa hewani. Sivyo. Baruti hukata nguzo tu. Kinacholiangusha ni uzito wake lenyewe. Huko Noida, India, tarehe 28 Agosti 2022, minara miwili ya takriban mita 100 iliangushwa kwa kilo 3,700 hivi za baruti, na kifusi kikakadiriwa kuwa tani 80,000. Piga hesabu: ni gramu 46 kwa tani moja. Gramu 46 hazijazi hata kikombe cha kahawa chungu! Nazirudia kila mara kwa sababu zinaonyesha kazi iko wapi: katika mashimo zaidi ya 9,000 yaliyotobolewa, moja moja, kabla ya siku yenyewe. Jengo la jirani, mita 9 tu kutoka hapo, lilibaki limesimama.

Kabla ya mlipuko kuna miezi ya kung'oa milango, vioo, mabomba na nyaya, kuvunja kuta zisizobeba mzigo, kuzungushia nguzo wavu wa chuma na vitambaa vizito ili vipande visiruke. Hicho ni kibarua cha mikono, tena salama kuliko kupiga nyundo ukiwa juu ya zege linalotetereka.

Wanaopinga hutaja Canberra, Australia, 1997, na wana haki: umati ulialikwa kutazama hospitali ikianguka, kipande cha chuma kikaruka zaidi ya mita 400 kikamuua msichana wa miaka 12. Kwangu msiba ule ni hukumu juu ya maandalizi mabovu, na juu ya kugeuza kazi ya hatari kuwa tamasha.

Hoteli ya ghorofa mbili haihitaji baruti, tingatinga latosha. Iliyo ndefu, wataalamu wapewe nafasi, kwa sharti kwamba nyufa za kila nyumba jirani zipigwe picha kabla ya shimo la kwanza kutobolewa, mwenye nyumba akiwa na nakala yake mkononi.