Kuingia kwenye mgomo tunajua, kutoka je?

Kwenye mkutano wetu wa mwisho wa chama cha wahadhiri kulikuwa na hotuba za masaa mawili, watu wamepiga makofi mpaka viganja vimewaka, halafu mwishoni kabisa, watu washaanza kubeba mabegi, kijana mmoja ambaye hata mwaka kazini hajamaliza akanyoosha mkono akauliza, samahani viongozi, hivi tukigoma mshahara utaingia? Ukumbi mzima ukacheka. Mwenyekiti naye akacheka, akasema dogo usiogope, tuko pamoja. Mi sikucheka. Nshagoma mara mbili kwenye maisha yangu ya uhadhiri na nakwambia lile ndo lilikuwa swali la maana kuliko yote siku ile, na hakujibiwa, maana "tuko pamoja" hailipi kodi ya nyumba.

Basi acha nimjibu hapa, yeye na wale wengine waliokuwa na swali hilo hilo ila wakaona aibu kuuliza kwa sababu wana PhD.

Jibu ni kwamba mara nyingi hauingii. Chukua Kenya, ibara ya 41 ya katiba ya 2010 inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma, ila Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, hiyo hiyo inayokulinda usifukuzwe ukigoma kihalali, inasema pia kwamba mwajiri halazimiki kukulipa kwa siku ambazo hukufanya kazi. Jimbo la New York kule Marekani ndo kabisa, kuna sheria ya tangu 1967 inaitwa Taylor Law inayokataza wafanyakazi wa umma kugoma, wahadhiri wa vyuo vya umma wamo, na adhabu yake ni kwamba kila siku moja uliyogoma unakatwa ya siku mbili. Na usidhani ukigoma nusu utakatwa nusu. Uingereza 2023 wahadhiri walisema kazi zetu nyingine tutafanya ila kusahihisha na kutoa alama hatutafanya, wakaanza mwezi wa nne mpaka mwezi wa tisa, na vyuo havikukata sawa, kuna vilivyokata nusu na kuna vilivyokata mshahara wote, yaani mtu anasimamia wanafunzi, anajibu imeili, anakaa vikao, lakini kwa kuwa yale makaratasi hajayagusa mwezi unaisha hana kitu.

Kwa hiyo kabla ya kupiga kura ya ndiyo kaa chini na unayeishi naye mpige hesabu. Sio hesabu ya wiki mbili ambayo viongozi wanakupa, hesabu ya miezi miwili au mitatu. Mkopo unakatwa wapi, bima ya afya inalipwa na nani ukiwa nje. Hili la bima watu hulipuuza sana. Mwanzoni mwa 2023 wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaofundisha pale Temple University, Philadelphia, waligoma, chuo kikawafutia bima ya afya na msamaha wa ada katikati ya mgomo. Uliza pia mfuko wa mgomo wa chama una shilingi ngapi na unamlipa nani kwanza, na ukiambiwa "tunalishughulikia" jua hakuna mfuko.

Halafu kuna mgomo halali na kuna mgomo wa hasira. Sisi wasomi tunapenda sana huu wa pili, mtu amesoma barua ya menejimenti asubuhi, mchana keshaandika kwenye grupu la WhatsApp kwamba kesho hakuna kuingia darasani. Sheria haiendi hivyo. Kwa Kenya hiyo hiyo mgogoro unapelekwa kwanza kwa msuluhishi, siku 30 zikipita bila suluhu ndo mnatoa notisi ya maandishi ya siku 7, na mkiruka hatua hizo mgomo wenu haulindwi, unahesabiwa umevunja mkataba wako wa ajira na unaweza kuchukuliwa hatua za nidhamu. Kila nchi ina ngazi zake na zinatofautiana mno, kwa hiyo usichukue ushauri wa rafiki yako aliye chuo cha nchi nyingine ukaufanya wako. Marekani mwaka 1980 Mahakama ya Juu iliamua kwenye kesi ya Yeshiva University kwamba wahadhiri wa kudumu wa chuo kile cha binafsi ni kama mameneja, eti kwa sababu wao ndo wanaamua mitaala na alama na nani adahiliwe, kwa hiyo ile sheria ya taifa inayolinda wafanyakazi wakijiunga kwenye vyama haiwahusu. Meneja. Meneja gani anaandika barua tatu kuomba projekta.

Na kura pigeni jamani. Uingereza baada ya ule mgomo wa kusahihisha, chama chao cha UCU kilirudi kwa wanachama mwishoni mwa 2023 kuomba ridhaa ya kuendelea, waliopiga kura hawakufika asilimia 50 ambayo sheria yao ilikuwa inadai, nguvu ya kugoma kitaifa ikaishia hapo. Hapakuwa na jaji wala polisi, ni bahasha za kura tu ambazo watu waliziacha mezani.

Sasa nije kwenye kitu ambacho mi mwenyewe kilinichukua mgomo mzima kukielewa. Kiwanda kikisimama mwajiri anapoteza siku hiyo hiyo, basi lisipotembea nauli imepotea hairudi. Chuo kikuu hakiko hivyo. Mara nyingi ada ya muhula ishalipwa, ruzuku iko palepale, na nyie mkiwa nje mishahara yenu haitoki, kwa hiyo wiki za mwanzo menejimenti haiumii, inaokoa hela! Ndo maana wanakaa kimya mnashangaa mbona hawatuiti mezani. Wanaanza kuhangaika pale kalenda inapovunjika, mitihani haifanyiki, mahafali yanasogezwa, wanafunzi wapya hawana pa kuingizwa kwa sababu wa zamani hawajatoka. Mgomo unaoanza wakati ambao kalenda haina haraka ni sawa na kumgomea mtu aliyelala.

Na upande wa pili wa jambo hilo hilo ni mbaya zaidi. Kazi yetu tukiiacha haipotei, inatusubiri kama deni. Mgomo wangu wa kwanza tulikaa nje wiki sita, tukarudi kwa nyimbo, siku ya pili ikatoka ratiba mpya, mihadhara ya Jumamosi, mihadhara ya saa mbili usiku, muhula mzima umebanwa mpaka hauna pumzi, mitihani mfululizo na alama zinatakiwa ndani ya wiki mbili. Nilifundisha kila mada niliyotakiwa kufundisha muhula ule. Kila moja. Na mshahara wa wiki sita ulishakatwa na haukurudi. Yaani tuligoma wiki sita halafu tukaenda kuwafanyia ile kazi bure, na tukashukuru kuwa mgomo umeisha. Nilipoligundua nilikuwa nimeshasahihisha karatasi kama mia mbili hivi, nikaweka kalamu chini nikatoka nje kupunga upepo.

Wanaijeria wanalijua hili kuliko mtu yeyote. Chama chao cha wahadhiri, ASUU, kiligoma kuanzia tarehe 14 Februari 2022 mpaka 14 Oktoba, miezi 8, serikali ikasema hakuna kazi hakuna mshahara. Wao wakajibu, na nadhani walikuwa sahihi, kwamba kazi ile ile si tunaifanya sasa, wanafunzi hawajaruka muhula, tunawafundisha yote waliyoyakosa, mnakataaje kutulipa? Ilibidi mwaka mzima upite, Oktoba 2023, ndo Rais Tinubu akakubali walipwe miezi 4 kati ya ile 8.

Kwa hiyo mi siku hizi viongozi wakisimama kusema madai yetu ni moja mbili tatu, nasikiliza, naitikia, halafu nauliza makubaliano ya kurudi kazini mmeshayaandika rasimu? Wananiangalia kama nimetukana. Unataka kurudi hata hatujatoka? Ndiyo, nataka kujua mlango wa kutokea uko wapi kabla sijaingia ndani. Ile karatasi ya kurudi kazini huandikwa usiku wa mwisho, watu wamechoka, wana njaa, kila mtu anataka kusaini akalale, na ndo karatasi itakayoamua kama mihadhara ya kufidia italipwa, kama mishahara iliyokatwa inarudi yote au kidogo kidogo, kama barua za onyo zilizotolewa wakati wa mgomo zinafutwa kwenye mafaili, kama yule katibu wa tawi aliyepigwa picha ameshika kipaza sauti atapandishwa cheo au atazungushwa miaka mitano. Vitu hivyo kama havijaandikwa havipo. Usiniambie waliahidi kwa mdomo.

Na kama kuna pesa, karatasi iwe na tarehe. Wahadhiri wa Kenya walikaa nje siku 49 mwaka 2025, kuanzia Septemba 17 mpaka Novemba 5, na sehemu kubwa ya ugomvi ilikuwa shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa pamoja, ule wa chama na mwajiri, wa 2017 mpaka 2021. Soma hiyo miaka tena. Walikuwa wanagomea mkataba ambao muda wake ulishakwisha, hawakuwa wanaomba kitu kipya, na mwishowe walirudi kwa makubaliano kwamba pesa italipwa kwa awamu mbili. Kushinda mkataba ni mgomo mmoja na kulipwa huo mkataba ni mgomo mwingine, na wa pili ndo unaochosha.

Kuna watu kwenye idara zetu tunawasahau mpaka siku ya mgomo ndo tunawakumbuka kwa kuwaita wasaliti. Wahadhiri wa mkataba mfupi, wanaolipwa kwa somo. Mimi nikigoma nakatwa mshahara, yeye akigoma hapewi somo muhula ujao, hafukuzwi wala haandikiwi barua, simu tu haipigwi. Na mwenzetu mgeni ambaye kibali chake cha kuishi kimefungwa kwenye ajira, unamwambia nini? Kabla ya kumtia mtu kwenye orodha ya aibu jiulize chama kilimfanyia nini miaka yote hii. Pale Rutgers, Marekani, chuo kilichoanza 1766, Aprili 2023 ndo wahadhiri waligoma kwa mara ya kwanza, na walitoka vyama vitatu kwa pamoja, humo wamo wa kudumu, vibarua na wanafunzi wa uzamivu wanaofundisha, wakasema hatuwaachi wa chini. Siku tano tu gavana wa jimbo keshaingilia, wamepata makubaliano ya awali na nyongeza kubwa imeenda kwa wale wa chini. Naamini kabisa bila wale vibarua wangekaa nje zaidi ya hapo, maana chuo kingewatumia hao hao kuziba madarasa.

Wanafunzi waambieni ukweli mapema, na waambie wewe mwenyewe darasani kabla ya mgomo, usisubiri wasikie kwa menejimenti kwamba umewatelekeza. Mtoto ambaye anatakiwa kumaliza mwaka huu anaumia kweli, hilo tusilifunike kwa nyimbo. Mi huwa nawaambia nini nadai, nitakuwa wapi, na kwamba sitamwadhibu yeyote kwa alama eti hakutuunga mkono. Wengi huelewa. Wachache hawaelewi na wana haki.

Mambo madogo madogo ambayo hakuna anayekwambia: nakili faili zako muhimu kutoka kwenye kompyuta ya chuo, hati ya mshahara ya mwezi wa mwisho itunze, imeili ya chuo usiitumie kupanga mgomo maana ile ni ya mwajiri, na kwenye grupu la WhatsApp andika tu kile ambacho uko tayari kisomwe na wakili wa upande wa pili, kwa sababu skrinshoti zitafika, nakuhakikishia, na aliyezipeleka ndo huyo anayeandika solidariti kwa herufi kubwa.

Na jueni nani ana mamlaka ya kuwarudisha. Viongozi peke yao au mpaka wanachama wapige kura? Maana mwingine anaweza kuwarudisha bila kuwauliza. York University ya Toronto, Kanada, waligoma 2018, wakakaa siku 143, wakarudishwa kwa sheria iliyopitishwa na bunge la jimbo. Mahakama nazo hutoa amri, na amri ikitoka mnahitaji mwanasheria ndani ya masaa, sio kikao cha kuteua kamati ya kumtafuta mwanasheria.

Yule kijana nilimkuta kwenye ngazi baada ya mkutano nikamweleza haya, sio yote, mengi. Akasikiliza, akanyamaza, akaniuliza sasa Dokta, wewe ulipiga kura gani? Nikamwambia nilipiga ya ndiyo, ila nimeanza kuweka akiba tangu mwezi wa tatu. Akatoa simu palepale kwenye ngazi akaanza kupiga hesabu.