Vipigo tisa bila mchawi

Hapa Lincoln, Nebraska, hakuna utani wa mpira, na hilo linanikera kuliko baridi. Timu ya Chuo Kikuu cha Nebraska, ile ya mpira wa Kimarekani, ikifungwa Jumamosi, Jumatatu kazini watu wanasema "vijana wamejitahidi", wanamimina kahawa, yameisha. Mimi niliyekulia Temeke, ninayejua maana ya kupanda daladala asubuhi baada ya kufungwa dabi, najiona nipo msibani ambako hakuna anayelia.

Ila kuna kitu wanacho ambacho sisi hatuna, na nitakisema hata mkinitukana.

Chukueni msimu wa 2021. Nebraska walicheza mechi 12, wakashinda 3, wakapoteza 9, na hizo tisa hakuna waliyofungwa kwa zaidi ya pointi 9. Ukijumlisha msimu mzima, walifunga pointi nyingi kuliko walizofungwa! Mechi ya mwisho, tena nyumbani, wanaongoza 21-6 dhidi ya Iowa, wakalala 28-21. Kwetu hapo nani angeponea? Mechi imeuzwa. Mwamuzi ni wa watani. Shirikisho, TFF, wanajua. Kuna mtu kaonekana usiku langoni. Huku nilisubiri japo mmoja aseme timu imehujumiwa, nikachoka. Hasira zote zilimwendea kocha Scott Frost, mtoto wa nyumbani aliyewaongoza kwenye ubingwa wa 1997 akiwa mchezaji. Wakamshusha mshahara kutoka dola milioni 5 hadi 4, wakampa mwaka mwingine. Na timu ngeni ikitoka uwanjani inapigiwa makofi. Makofi, jamani! Mtu kaja kukufunga kwako!

Sasa najua mtakavyosema. "Umeona theluji, ushaanza kutuona washamba." Hapana, mjomba. Mimi ni Yanga damu. Bakuli la michango la enzi za kocha Zahera nilichangia, wachezaji wanadai mishahara na Simba anabeba kombe misimu minne mfululizo. Usinifundishe uvumilivu wa Jangwani, makao ya Yanga. Kutuma hela ya timu kwa simu wakati kodi ya nyumba hujalipa, huo ni moyo ambao mtu wa hapa hajawahi kuombwa auoneshe. Tatizo letu ni kwamba tulichangia kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili tukawa tunanyoosha kidole: nani katuuza?

Mwingine atasema hao wana hela, lazima wavumilie. Hapo kaka nakuunga mkono, tena kuliko unavyodhani. Septemba 2022 Frost alifungwa nyumbani na Georgia Southern, wakamfukuza kwa fidia ya dola milioni 15 hivi. Wangesubiri hadi Oktoba ingeshuka nusu. Hawakusubiri! Kwetu kocha huondoka na begi lake, tukaja kukutana naye FIFA akitudai. Na wale vijana waliogongwa mbavu mechi 12? Chuo hakikuwalipa mshahara hata senti. Ruhusa ya kulipwa kwa kutumia majina yao kwenye matangazo ndiyo kwanza ilikuwa imetoka Julai ile ya 2021. Mshambuliaji Mayele alipotua Jangwani mwaka huohuo, angalau alisaini mkataba wa kazi. Kwa hiyo msiniambie nimelewa Marekani. Hata ile sifa yao kwamba tiketi za uwanja wao wa watu zaidi ya 80,000 huisha kila mechi tangu 1962 ina mkono wa mtu: mwaka huohuo wa 2021 zilipobaki, wafadhili walizinunua wakawagawia watoto. Sisi tungeuita mchongo, na mimi nauita mchongo.

Lakini watoto walikwenda. Walikaa wakaangalia timu inayofungwa, wakavaa nyekundu tena wiki iliyofuata. Uwanja wa Mkapa una viti 60,000. Timu ikishapoteza mbili tatu wanakaa wangapi? Na msinijibu kwa mechi ya dabi.

Kocha Gamondi alitupa ubingwa 2024. Novemba ya mwaka uleule akafungwa na Azam, akafungwa na Tabora United, akaoneshwa mlango. Mechi mbili! Ni Yanga yangu hiyo naisema, sijamsema mtu wa mtaa wa pili. Na wewe mwana Simba unayecheka hapo, hebu nitajie kocha wenu aliyefungwa mechi tatu mfululizo na bado mkamwimbia. Nasubiri jina.